Upande wa Pili ni wa Wageni

Kama umewahi kukatiwa maji ukaenda ofisi ya maji kulalamika, basi Bi Pole umeshamtukana. Usijitetee, hakuna wa kukushtaki. Wachungaji wamemtukana, wakunga wamemtukana, na kuna bwana mmoja mtaratibu kabisa aliyerudi kesho yake kuomba radhi, akakuta maji bado hayajatoka, akamtukana upya. Jina lake halisi lipo, limeandikwa kwenye kitambulisho kinachoning'inia kifuani, lakini mtu aliyeamka na ndoo kavu hasomi vitambulisho. Hilo la Bi Pole alipachikwa na foleni yenyewe, naye akalipokea kama anavyopokea kila kitu.

Dirisha lake liko chini ya ngazi, ubavuni mwa choo cha wafanyakazi, mahali ambapo wakubwa wa ofisi waliona panawafaa wananchi. Lina kioo kinene chenye tundu la kuongelea. Fundi aliyelitoboa alikuwa amekaa kwenye kiti siku hiyo, akalitoboa usawa wa mdomo wake, kwa hiyo mteja akitaka kufoka sharti kwanza ainame. Umeiona akili hiyo? Mtu anainama, anafoka, kiuno kinamuuma, anachoka mapema. Wakubwa walipoambiwa tundu limewekwa chini mno walisema liachwe hivyohivyo.

Nyuma ya kioo anakaa Bi Pole, blauzi imenyooshwa pasi, nywele zimebanwa, uso umetulia tuli. Anasikiliza mpaka mwisho. Au tuseme anatazama mpaka mwisho, maana kusikiliza ni shughuli nyingine na tutaifikia. Mteja akikatiza maneno ili avute pumzi, Bi Pole anasema kwa ile sauti yake laini, "Pole sana. Tumelipokea. Linafanyiwa kazi." Anagonga muhuri, anaitupia karatasi kwenye trei. Trei ikijaa inapandishwa juu kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea zamani, kwa hiyo makaratasi yanarundikwa juu ya kabati. Ndiyo kufanyiwa kazi kwenyewe huko.

Na msidhani alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya asingedumu hata mwezi mmoja mahali pale. Alianza kazi akiwa binti, na siku za mwanzo alikuwa akienda nyumbani analia kwa ajili ya mama fulani na watoto wake, anapanda juu kuwauliza mafundi, anafuatilia. Mafundi wakamcheka. Wakubwa wakamwita wakamwambia kazi yake ni kupokea, si kupeleka. Basi akajifunza kupokea. Ukisikia "pole" ikitoka kinywani mwake, ujue ni mlango unafungwa taratibu ili usimgonge mtu puani.

Shida ya mlango wa namna hiyo ni kwamba ukishajifunza kuufunga, unaufunga kila mahali.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mjane, mwalimu mkuu mstaafu. Huyo Dada, jamani, alikuwa ameongoza shule nzima kwa kutazama tu. Hakuwahi kupaza sauti hata mara moja. Akiingia darasani watoto wanaanza kukumbuka makosa ambayo hawajayafanya. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, vyumba vitatu na ngazi ya kushukia uani, na humo ndani wanawake hao wawili waliishi kwa amani ya watu wasioulizana maswali mengi.

Sasa niseme jambo lenyewe nisije nikawachelewesha kwa porojo: Dada alikuwa anapofuka.

Wala hakuficha. Alisema jikoni, "Mdogo wangu, jicho la kushoto lina ukungu." Akajibiwa, "Pole, dada." Alisema mezani, "Mdogo wangu, nikimimina chai nakikosa kikombe." Akajibiwa, "Pole sana, dada, nimekusikia." Akasema kibarazani, kwa adabu kabisa, "Nataka unipeleke hospitali ya macho. Peke yangu siwezi tena, nitagongwa na gari." Na Bi Pole, huku anatafuta kandambili yake, akamjibu dada yake wa tumbo moja, "Pole, dada. Nitalifanyia kazi." Eti nitalifanyia kazi! Angekuwa na muhuri karibu angeugonga.

Tena hakujua amesema nini. Ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Katika hali hiyo ndipo ilipoingia santuri moja. Ililetwa na fundi bomba wa ofisini, jamaa mmoja mwenye mikono mipana na maneno machache, ambaye alikuwa ametumwa kuziba bomba lililokuwa likivuja nyuma ya dirisha. Ofisi ya maji, na maji yanavuja ndani yake! Fundi alikaa pale sakafuni siku kadhaa, miguu imetokeza uvunguni, akimsikia Bi Pole akifokewa kutwa. Wakazoeana. Fundi akamweleza kwamba jioni, akishavua ovaroli, hupiga ngoma kwenye bendi. Bi Pole akafurahi, akauliza kama ni bendi ya harusi.

"Hapana mama. Ni panki."

"Ndiyo nini?"

"Ni muziki wa kelele. Lakini sisi tumevuka hapo kidogo, tumeenda mbele."

"Mmeenda mbele wapi?"

Fundi akafikiri. "Kwenye kelele zaidi, mama. Ila zenye akili."

Miezi ikapita, na siku moja fundi akaja dirishani, akainama tunduni kama mteja, akapitisha kwenye mwanya wa chini bahasha kubwa ya mraba. Ndani mlikuwa na santuri ya bendi yao, ya duara, nyeusi, mpya. Vijana wetu hawa, wakitaka kuonekana wa kisasa wanafanya mambo ya babu zao. Bi Pole alishamwambia kwamba kwao kuna gramafoni ya marehemu baba na bado inazunguka. Fundi alikuwa anatoka jasho, na bomba halikuwepo la kumtoa jasho.

"Sikiliza yote, mama. Kisha uniambie ukweli. Hata kama utanichukia."

"Pole sana," akasema Bi Pole, kwa mazoea.

Hapa inabidi niwaeleze sheria ya nyumba ile, maana bila hiyo mtaniona mwongo. Marehemu baba yao alikuwa mtunza stoo. Alikuwa mtu wa kuweka: sabuni inawekwa, kamba zinawekwa, vikombe vizuri vinawekwa kwa ajili ya wageni ambao nao walikuwa wanawekwa mbali. Aliponunua santuri, aliwaambia wanawe kwamba sindano inakwangua, na kila ukipiga unapunguza. Kwa hiyo watu wa nyumbani wapige upande wa kwanza. Upande wa pili ni wa wageni, ubaki mpya. Mabinti wakakua wakiwajua waimbaji wote wa zama zao nusu nusu. Baba akafariki, wageni hawakuja, na mle kabatini hadi leo kuna nyimbo hazijawahi kusikiwa na mtu. Ungemwambia Bi Pole kwamba watu wengine huigeuza tu santuri na kuendelea, angekutazama kama umemwambia watu wengine hulala na wageni wao kitanda kimoja.

Basi Jumamosi mchana, Dada alipotoka kwenda kwenye kikundi chake cha wastaafu, Bi Pole akaufunga mlango, akaiweka ile santuri, upande wa kwanza, akashusha sindano.

Likaanza gitaa moja, kavu, linakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Likakata. Bi Pole akadhani sindano imekwama, akanyoosha mkono. Hapo wakaingia wote kwa mpigo, ngoma na besi na gitaa la pili, na juu yao sauti ya mwanamke akipiga ukelele ambao Bi Pole aliujua vizuri, maana kila Jumatatu asubuhi huusikia kupitia tunduni. Alirudi nyuma akakaa pasipo kiti.

Alibaki palepale sakafuni. Ngoma hazikwenda zilikotarajiwa. Unahesabu mpaka nne umeridhika, inatoka ya tano ambayo hukuialika. Magitaa mawili yalizozana kama mume na mke wanaosemeshana kupitia kwa mtoto, halafu ghafla yakasema neno moja kwa pamoja mpaka vikombe vya wageni vikatetemeka kabatini. Kuna mahali wote waliacha kabisa, ukabaki mhemo wa yule mwanamke tu, anavuta pumzi karibu na sikio lako, na kimya hicho kikawa kizito kuliko kelele zenyewe. Kisha likagongwa bomba la chuma, bomba kabisa, mlio wake Bi Pole aliutambua kikazi, na tarumbeta ikapita kwa mbali imepotea njia, na mwanamke akarudi akiwa ameshachanika sauti, hajali, anaendelea na kile kipande kilichobaki. Baadaye fundi alimwambia kwamba mwimbaji huyo anauza kwenye duka la dawa na ana sifa ya kuwasihi wateja wasipige kelele. Ndivyo dunia ilivyo na mipango yake.

Wajuzi wa mambo haya wangekupa maneno marefu kuhusu santuri ile. Bi Pole hakuwa mjuzi. Alichosikia ni kimoja: mtu anafoka tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuna anayemkatiza kwa kumpa pole. Anasema lote. Anafika chini kabisa, anakwangua, anatoka na masizi. Na mara hii, masalale, anayefokewa si yeye! Maisha yake yote kelele zilikuwa zikimjia usoni. Leo zilikuwa zinapita juu ya kichwa chake kwenda kwa mtu mwingine huko, mkubwa fulani, mtu anayestahili. Aliona raha. Alilia pia, kilio cha kamasi kabisa, lakini raha ndilo neno lake na siwezi kumbadilishia.

Tangu siku hiyo Jumamosi ikawa sikukuu. Dada akijiandaa kutoka, Bi Pole hakutulia, anamsogezea mkoba, anamsogezea viatu, mkarimu ghafla. Na Dada anatoka hivyo, mkono wa kushoto unapapasa ukuta, mguu unatafuta ngazi, anasema, "Leo hata mlango siuoni vizuri, mdogo wangu." Anajibiwa, "Pole, dada, uangalie hapo." Kabla bawaba hazijanyamaza, sindano iko chini. Mwanamke wa duka la dawa anapiga ukelele, na mdogo mtu amefumba macho kwa furaha kwamba hatimaye duniani kuna mtu anasema lililomo moyoni. Dada yake wa damu alikuwa bado hajafika getini.

Niache nipumue. Nikiifikiria sehemu hiyo napata hasira.

Fundi naye alishindwa kuvumilia. Baada ya wiki chache alikuja tunduni, akainama. "Umesikiliza, mama?"

"Nimesikiliza, mwanangu. Ni nzuri mno. Sijawahi kusikia kitu kama kile."

"Yote? Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, tena narudia kila Jumamosi."

Fundi akakalia boksi lake la spana kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Nilikuwa na hofu, mama. Nilidhani hutanisamehe."

"Nikusamehe nini?" Bi Pole akacheka. "Mngenifokea hivyo mapema ningekuwa nimeshapona."

Fundi akamtazama kwa heshima kubwa. Alikwenda akawaambia wenzake kwamba yule mama wa dirishani ana moyo ambao hajauona kwa mtu mwingine. Hilo la moyo liwekeni hapo, tunakuja nalo.

Ikafika Jumamosi ambayo Dada hakutoka. Katikati ya wiki alikosea ngazi ya uani akaanguka, goti likavimba, na usoni akapata mkwaruzo. Bi Pole alimpaka dawa vizuri kabisa na kusema pole kwa wingi. Dada akatangaza kwamba haendi tena kwenye kikundi, barabara haioni, watu hawaoni, na wastaafu wenzake wameanza kumshika mkono bila kuombwa. "Nitakaa ndani," akasema.

Mnajua Bi Pole alihuzunika kwa ajili ya nini? Santuri. Jumamosi imekufa. Mbele ya Dada usingeweza kupiga hata kijiko kwenye sahani, sembuse panki iliyoenda mbele. Wiki ya kwanza akavumilia. Ya pili wateja wakaanza kumwingia kichwani. Akirudi nyumbani masikio yanavuma. Bila ile saa moja ya kufokewa mtu mwingine, alikuwa haoni atarudije dirishani. Akawaza, akawazua, na mwisho akapata njia, akajiona ana akili kuliko wakubwa wote wa ofisi ya maji. Kama kuna mgeni, sheria ya baba inasema mgeni apigiwe santuri. Na mbele ya sheria ya baba, hata Dada angetii.

"Jumamosi tuna mgeni," akasema. "Fundi wa ofisini. Mwanamuziki."

"Basi apigiwe," akasema Dada. "Sheria ni sheria."

Fundi akaja amevaa shati la kola, amekaa kwenye ncha ya kiti, anakunywa chai kwenye kikombe ambacho hakikuwahi kunywewa. Dada amekaa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza pembeni kidogo, kwenye jicho lililobaki na kazi. Bi Pole akaitoa santuri kwa mikono miwili na, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile, akaigeuza.

"Ah, upande huo," fundi akasema kwa sauti ya chini, akatabasamu kwa aibu.

Ulianza kimya. Kisha ukasikika ukumbi: viatu, watu wanakohoa, mtoto analia, mlango wa choo unabamizwa. Bi Pole akasema moyoni, mbona mlango huo naujua. Ngoma ikaingia polepole, ngumu na nzito. Na juu ya ngoma ikaja sauti laini, tamu, yenye adabu zote za duniani:

"Pole sana. Tumelipokea. Linafanyiwa kazi."

Bi Pole akashusha kikombe.

"Nimekuja jana," akaimba mwanamke wa duka la dawa, kwa upole tu.

"Pole sana."

"Nimekuja na mtoto."

"Tumelipokea."

"Mtoto anaumwa."

"Linafanyiwa kazi."

Ikaendelea hivyo, na kila ilipozunguka magitaa yalisogea karibu, mwanamke akapanda, akapanda tena, ngoma ikaishika ile "pole" ikawa ndiyo mdundo wenyewe, pole, pole, pole, inagonga kama nyundo iliyovikwa sponji. Ukelele ukafika pale ambapo maneno yanaisha, ikabaki sauti tupu ya mtu anayechanika. Na ile laini haikutikisika. Haikupanda, haikushuka. Mwisho vyombo vyote vikamtoroka, mwanamke akanyamaza, ikabaki peke yake chumbani, tamu, inajibu wakati hakuna tena anayeuliza. "Pole sana. Tumelipokea. Linafanyiwa kazi." Sindano ikafika katikati, ikaanza kukwaruza.

Kwa hiyo mkubwa fulani yule, mtu anayestahili, aliyekuwa akifokewa Jumamosi zote zile, alikuwa amekaa sakafuni na kamasi zake anafurahi.

"Ulinirekodi," Bi Pole akasema.

Fundi akaweka kikombe. "Nilipokuwa naziba bomba. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini mama, si uliniambia umesikiliza yote?"

"Nilisikiliza upande wa kwanza."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni wa wageni!"

Fundi alimtazama, akaitazama santuri, akatazama vikombe. Kuna mambo huwezi kuyaelewa kama hukuzaliwa na mtunza stoo. Uso ulimshuka. "Nilidhani umeridhia," akasema. "Mimi nilikuletea ili useme ndiyo au hapana. Kama ungesema hapana tungeutoa. Haki ya Mungu, mama."

Bi Pole alikuwa na haki ya kukasirika, na nitamtetea hapo. Umeiba sauti ya mtu, umemfanya shetani mwenye adabu, halafu unakuja kunywa chai yake. Akafungua mdomo ili kwa mara ya kwanza maishani amfokee mtu. Aliyesema alikuwa Dada.

"Mbona hawa wamekujua hivyo?"

Wote wakageuka. Dada alikuwa hajasogea kitini. "Mimi nilidhani ni mimi tu," akasema, kwa ile sauti yake ya kusimamia mitihani. "Nilidhani ndivyo unavyonijibu mimi, kwa sababu nimezeeka na nasumbua. Kumbe ndivyo unavyojibu watu wote."

"Dada..."

"Nimekwambia jicho la kushoto halioni. Si ukungu tena, halioni. Nimekwambia unipeleke. Ukasema nini?"

Fundi alitazama zulia kana kwamba kuna bomba chini yake. Na Bi Pole, jamani, Bi Pole akafungua mdomo, na kilichotaka kutoka, kikafika nusu kabisa, ni "Po..."

"Thubutu!" akasema Dada.

Jumatatu asubuhi dirisha halikufunguliwa. Wateja waliinama wakalifokea pazia, na nasikia baadhi yao hawakuona tofauti. Fundi alikuja na gari la ofisi, lile la mabomba, akiwa ameandika mahali kwamba anakwenda kwenye dharura, na safari hii ofisi haikudanganywa. Dada alikaa mbele. Bi Pole alikaa nyuma kati ya spana na viungio, blauzi yake ya pasi na vyote.

Hospitali ya macho ilikuwa na foleni, na mwisho wa foleni palikuwa na dirisha. Bi Pole akainama. Eleweni, hakuwahi kuinama maishani mwake. Alikuwa mtu wa upande wa ndani. Akaeleza kwamba dada yake ameanguka, jicho moja halioni kabisa, wanaomba waonwe haraka.

"Poleni," akasema binti wa ndani, sauti kama asali. "Kaeni hapo, mtaitwa."

Walikaa. Hawakuitwa. Akarudi akainama, akapewa pole. Akarudi tena, na mara hii akafoka, kwa nguvu zote, kwa kifua, akijaribu kumwiga mwanamke wa duka la dawa. Ikatoka kama kuku aliyekanyagwa. Binti akamsikiliza, au akamtazama, mpaka alipokata pumzi, kisha akamwambia kwa ukarimu mkubwa kwamba amelipokea. Bi Pole alirudi kwenye benchi na kiuno kinamuuma. Kikazi, hakuona dosari yoyote kwa yule binti.

Waliitwa baada ya chakula cha mchana. Daktari alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye taa kichwani. Akachungulia jicho la kwanza, akachungulia la pili, akarudi la kwanza akakawia. Uchangamfu ukapungua. Akasema ni presha ya macho, inakula taratibu, haiumi, na ikishakula hairudishi. La kushoto halina kitu tena. La kulia ameliwahi, atampa dawa za matone na watalifanyia upasuaji, akizingatia litabaki.

"Na la kushoto lingebaki?" Bi Pole akauliza. "Kama tungekuja lini?"

"Alipoanza kuona ukungu," daktari akasema, akiandika. Naye hakujua amesema nini. Alikuwa anajibu swali.

Walitoka. Walipofika katikati ya korido, kwenye benchi zile zilizojaa watu waliofungwa bandeji, Dada alisimama. Akaachia mkono wa mdogo wake. Na mwalimu mkuu mstaafu, aliyeongoza shule nzima kwa kutazama, ambaye sasa kutazama kulikuwa kumemtupa, akafoka.

"Nilikwambia jikoni!" Korido nzima ikageuka, wenye macho na wasio nayo. "Nilikwambia jikoni, nilikwambia mezani, nilikwambia kibarazani mbele ya mlango wa baba! Nilikuwa napapasa ukuta, na wewe umesimama na macho yako mawili mazima unanisogezea viatu! Nikaanza kuona aibu kusema! Mimi! Nikasema labda nadeka, labda uzee, labda kila mtu hupofuka hivi na wenzangu wananyamaza. Nikawa nalala nafumba la kulia ili nione kama la kushoto limerudi. Kila siku nalifumba! Na asubuhi nakwambia, na asubuhi unaniambia... Mungu wangu, jicho langu! Jicho langu, wewe!"

Sauti ikamkatika kwenye "wewe", ikachanika vibaya, akaendelea na kipande kilichobaki. Muuguzi mmoja akaanza kusogea na lile tabasamu lao. Fundi, aliyekuwa mlangoni, akamzuia kwa mkono wake mpana.

Bi Pole alisimama palepale. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, miaka yote ile ilikuwa imelisukuma mpaka hapo, lilikuwa laini na lilikuwa tayari. Akalimeza. Lilimpita kooni kama mfupa. Hakuinamisha uso, hakumshika dada yake bega, hakulia ili yeye ndiye abembelezwe. Alisikiliza. Kila neno lilimpata, na aliona uchungu ambao hakujua kama mtu anaweza kuuona akabaki amesimama, na hakusogea mpaka Dada alipofika chini kabisa na kuishiwa pumzi.

"Umesikia?" Dada akauliza, anahema.

"Niambie tena," akasema mdogo wake.

Dada akajifuta uso kwa kiganja, akashika ukuta, akaanza upya tangu jikoni.